Mpima Vichwa wa Chumba cha Mwisho

Watu wengi wa Mbeya wanamkumbuka kwa wema, na sina nia ya kuwanyang'anya kumbukumbu zao. Wanasema alikuwa mtu makini, mtu wa subira, mtu aliyeshika kichwa cha mgonjwa kama anashika yai. Yote ni kweli. Mimi nilikuwa muuguzi wake miaka kumi na mmoja, katika chumba cha mwisho cha korido kinachopakana na stoo ya mashuka, na kama kuna mtu mwenye haki ya kumsifu ni mimi. Lakini ndiye aliyempima mama yangu akaandika kwamba ni mzima. Karatasi ile bado ipo Iringa, ndani ya Biblia ya baba mdogo, na inafanya kazi yake mpaka leo. Kwa hiyo nikimsifu, nitamsifu shingo upande.

Alikuwa tabibu. Kazi yake ilikuwa kupima jinsi macho yanavyotembea na jinsi kichwa kinavyokaa, kwa watu wenye maradhi ya ubongo na mishipa ya fahamu. Macho ya kusoma herufi ukutani yalikuwa ya chumba kingine. Yeye alitaka kujua kama jicho linafika kule linakotumwa, na kama shingo inakibeba kichwa sawasawa. Sisi tulimwita mzee tangu hajawa mzee.

Chumba chake kilikuwa na kiti cha mbao kisicho na mikono, na nyuma ya kiti ilining'inia timazi, ile ya mafundi ujenzi, uzi mweupe wenye kipande cha shaba chini. Aliinunua kwa wauza vifaa vya mitumba Mwanjelwa. Mgonjwa akikaa, mzee alisimama ubavuni kwake, akafumba jicho moja, akalinganisha mstari wa uso na uzi, akaweka kipimapembe cha plastiki cha watoto wa shule, akanisomea namba. Kisha alichukua kalamu yenye kifuniko chekundu na kuipeleka taratibu mbele ya uso wa mgonjwa, kushoto, kulia, juu, chini, huku macho yakiifuata au yakishindwa kuifuata. Mimi niliandika. Daftari lilikuwa na safu kwa kila upande, na mwandiko uliolijaza miaka ile yote ni wangu.

Hakuvumilia makadirio. Siku za mwanzo nilimwambia mgonjwa fulani ameinama karibu digrii ishirini, akanitazama mpaka nikaona aibu. "Karibu ni ya kukaribisha wageni, sista. Hapa sema ishirini, au sema hujui." Kalenda ikiinama ukutani aliisimamisha kabla hajavua koti. Lakini shati lake mwenyewe alilifunga vifungo kombo siku tatu kwa wiki, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Ugunduzi wake mkubwa, ambao hakupewa cheti kwa ajili yake, ulihusu adabu. Alinisimulia kwamba alipoanza kazi daftari lake lilijaa wanawake wa vijijini wenye vichwa vilivyoinama. Digrii kumi na tano, ishirini, ishirini na tano. Alianza kudhani kuna ugonjwa wa shingo unaotembea milimani huku. Mpaka siku moja alipompima mwanamke kijana aliyeletwa na baba mkwe wake. Kichwa kilikuwa kimeinama digrii ishirini. Baba mkwe akatoka kwenda msalani, kichwa kikapanda chenyewe mpaka sifuri. Baba mkwe akarudi, kikashuka. Mzee alifunga daftari akacheka peke yake. Alikuwa amepima heshima miaka miwili akidhani anapima ugonjwa.

Tangu siku hiyo hakuna mkwe aliyeruhusiwa kuvuka mlango ule. Na kila mgonjwa aliyeingia akiinama kuamkia alisikia maneno yale yale: "Kaa. Tazama mbele. Shikamoo baadaye." Wazee waliyachukia. Baba mmoja wa Kisangu alisimama mlangoni akauliza, "Daktari, unamfundisha mke wangu kunikodolea macho?" Mzee akajibu bila kugeuka, "Namfundisha kukaa. Kukodoa atajifunza kwako."

Walioshindwa kuiacha adabu nje, alikuwa na maswali yake ya kuwasahaulisha. Mahindi yamefikia wapi? Mvua je? Nyani wanasumbua? Kwenye nyani, mara nyingi, mama wa watu alikuwa ameshasahau kwamba yuko mbele ya daktari, na kichwa kinakaa mahali pake pa kweli. Mzee ananikonyeza, mimi naandika. "Ukitaka kuuona ugonjwa," alipenda kusema, "toa adabu kwanza." Nilimwona mtu mwenye akili kuliko madaktari wote wa pale, na nilikuwa nawaambia watu hivyo kwa sauti.

Lakini kanuni hiyo ilizaa nyingine, na hii ndiyo iliyonila mimi. Kwa wanawake aliacha kupima chini. Alisema mwanamke wa kwetu ukimwambia tazama chini hujui ametii kalamu au ametii mama yake mzazi, na kwa vyovyote chini wanaangalia siku nzima bila kuambiwa na mtu. Kwa hiyo safu ya chini, kwa wanawake, niliiwekea alama ya vema mapema, wakati mgonjwa bado anatafuta pa kuweka mkoba wake. Tulikuwa tunaokoa muda. Korido ilikuwa imejaa watu.

Vijana wa Chunya hawakuhitaji kutolewa adabu. Walikuja na vumbi lao kwenye kope, mikono inatetemeka, macho hayatulii kwenye kifuniko chekundu hata kidogo, kwa sababu ya zebaki wanayochoma motoni ili ibaki dhahabu. Likizo yake mzee aliitumia kupanda basi kwenda kule machimboni, akasimama juu ya kifusi akawaambia watu mia kwa sauti kubwa kwamba moshi ule unawaua. Ungedhani mtu kama huyo haogopi kusema. Chumbani ilikuwa habari nyingine.

Kijana mmoja alimwuliza, "Mzee, nitapona?"

"Macho yako yanacheza digrii tano ukitazama kulia."

"Nimeuliza nitapona?"

"Nimesikia," akasema, na akaanza kukunja uzi wake.

Kijana alipotoka nilimwambia mzee kwamba amefanya vibaya. Akasema yeye anapima, kusema ni kazi ya daktari bingwa, na bingwa anakuja Alhamisi. Kijana alikuwa ameacha kazi siku mbili kuja pale, na ile ilikuwa Jumatatu. Kwa umati aliweza kusema lolote. Kwa mtu mmoja aliyemshika kichwa hakuweza, na ilinichukua miaka mingi kukubali kwamba si upole, ni woga.

Kulikuwa pia na ile miwani. Wageni waliokuja kufanya utafiti walituachia miwani mizito yenye kamera ndani, ya kufungwa kichwani, ikiungwa kwenye kompyuta inachora kila jicho linakokwenda, kushoto, kulia, juu, chini, bila kuuliza kama huyu ni mwanamke au mwanamume. Mzee alisaini kuipokea, akaifungia kabatini, na ufunguo akauvaa shingoni pamoja na msalaba wake. Aliogopa isije ikavunjika mkononi mwake. Alitoa pia sababu nyingine, kwamba mtu akizoea mashine anaisahau shingo. Ilitoka siku za ukaguzi tu, tunaifuta vumbi, inapigwa picha, inarudi. Kutoka kwenye kabati lile mpaka kwenye kiti cha mgonjwa ni hatua nne. Nimezihesabu mara nyingi.

Mama yangu alikuwa mjane, anakaa kwenye mji wa marehemu baba, milimani upande wa Iringa, chini ya baba mdogo ambaye ndiye mkubwa wa ukoo sasa. Maneno yalianza kunifikia kwa simu. Mama yako siku hizi ana dharau. Anampokea shemeji yake kitu huku anamtazama usoni. Mwinjilisti alikuja kusalimia, mama yako akamnawisha mikono huku macho yakiwa juu ya kichwa cha mgeni, maji yote yakaishia kwenye suruali yake. Na hata hakuomba radhi haraka, alichelewa kama mtu anayetafuta maneno. Halafu anaanguka anguka, anaanguka chali, baba mdogo anasema ni pombe za siri, na mama yangu alikuwa hajawahi kuonja hata ulanzi.

Nilimleta Mbeya. Aliposhuka kwenye basi alinitazama bila kupepesa, shingo imesimama, na nitasema ukweli: hata mimi nilidhani amenikasirikia. Nilikuwa sijaenda nyumbani miaka miwili. Usiku ule nililala na hasira ya mtu mwenye hatia, na asubuhi nikampeleka kwa mtu niliyemwamini kuliko wote.

"Kaa, mama. Tazama mbele. Shikamoo baadaye."

Mama akakaa, akatazama mbele. Mzee alizunguka na kipimapembe chake, akasimama, akatabasamu kama sijawahi kumwona. "Sista, huyu ni mwanamke wa kwanza kutoka Iringa kunitazama usoni kabla sijamuuliza habari za nyani." Akalinganisha na uzi. "Sifuri. Andika sifuri." Akapeleka kalamu kushoto na kulia, macho yakaifuata polepole, akasema mama anatafakari. Akaipeleka juu, yakafika nusu, akasema ni umri. Kisha akairudisha kalamu mfukoni.

Alama ya vema kwenye safu ya chini nilikuwa nimeshaiweka, kwa mkono huu.

Baba mdogo alikuwa ametaka barua ya hospitali, na mzee aliandika mwenyewe kwa furaha, akagonga muhuri: kichwa na macho viko kawaida, hana ugonjwa. Tulirudi nayo Iringa. Ilisomwa kwenye kikao cha ukoo, wazee wamekaa na ulanzi wao, na baba mdogo alipoimaliza aliikunja mara nne. "Basi, wenyewe wenye utaalamu wamesema. Shemeji ni mzima. Kwa hiyo ni kiburi."

Wakamtaka aombe radhi kwa desturi, kwa magoti, macho chini. Mama hakubisha. Alipiga magoti, akainama mwili mzima, lakini shingo haikukunjika na macho hayakushuka. Yalibaki juu, yamemkodolea baba mdogo kutoka kule sakafuni. Watu waliguna. Shangazi mmoja akasema anatucheza shere. Nilikuwa nimesimama pale, muuguzi wa miaka mingi niliyefundishwa kutofautisha adabu na ugonjwa, na niliona haya kwa ajili ya mama yangu. Sina neno jingine la kusema juu ya siku ile.

Wakamhamishia kwenye nyumba ya zamani ya jikoni, chini kwenye mteremko unaokwenda kwenye vinyungu, yale mabustani ya bondeni ya kiangazi. Kulikuwa na ngazi tano za mawe. Watoto wakakatazwa kumpelekea kuni mpaka ajifunze. Nilitaka kumchukua nikae naye Mbeya, akakataa. Alisema kwa taratibu yake mpya, neno moja baada ya jingine, kwamba akiondoka watasema amekubali kosa.

Miezi minane baadaye alikuja kwetu mwalimu mkuu mstaafu, mwanamume mwenye shingo wima na uso wa mshangao. Kwa sababu ni mwanamume, kalamu ilishuka chini. Macho yake hayakushuka nayo. Mzee akarudia. Akamwinua kidevu, akamshusha, akarudia tena. Alimtoa kwa upole, akafunga mlango.

"Sista, mama yako anaangukia wapi?"

"Nyuma, mzee. Chali."

"Na chakula?"

"Kinamwagika kifuani. Haoni sahani."

Alikaa kwenye kiti cha mgonjwa, ambacho sijawahi kumwona akikikalia. "Tulimpima chini?"

"Hatukumpima."

Akanieleza. Kuna ugonjwa wa ubongo unaoanza hivyo, jicho linakataa kushuka, shingo inakakamaa, mtu anaanguka nyuma, ngazi zinakuwa adui. Dawa ya kuuondoa hakuna. Nikasema sitaki dawa, nataka barua. Akasema nimlete mama apimwe upya. Nikamwambia mama hawezi tena kukaa kwenye basi, na baba mdogo hataki kusikia hospitali mara ya pili. "Andika tu, mzee. Umeshajua." Akajibu, "Siwezi kuandika nisichopima."

"Ile ya kwanza uliandika usichopima."

Alikunja uzi wake, akaufungua, akaukunja tena. Baadaye aliahidi kuja Iringa mwenyewe, na kipimapembe chake, aseme mbele ya ukoo. Aliahidi kabla ya Pasaka, akaahidi baada ya mavuno, akaahidi akishastaafu. Nilimwamini mara zote tatu, maana mtu asiyekubali neno karibu humdhanii uongo.

Wanawake waliokuwa wakienda kwenye vinyungu asubuhi walimkuta mama chini ya zile ngazi, amelala chali, macho wazi. Makaburini baba mdogo alisema shemeji alikuwa mchapakazi, mwenye mkono wa kulima, na tumwombee Mungu amsamehe ile shingo yake. Watu waliitikia amina. Mzee alinipigia simu ya pole, akaniambia mvua imemzuia. Ilikuwa Agosti.

Mwaka huu, Juni, ukoo umepanga kujengea kaburi la mama kwa saruji na kuweka msalaba. Baba mdogo ndiye atakayesema, na ameshanieleza atakachosema, kwamba vijana wajifunze kunyenyekea. Nimeomba kusimama baada yake. Nilihitaji barua ya kusoma. Basi nikamfuata mzee Mgololo, anakokaa kwa binti yake ambaye mumewe anafanya kazi kwenye kiwanda cha karatasi. Harufu ya kiwanda inakupokea kabla ya watu.

Nilimkuta nyuma ya nyumba kwenye kitalu cha miche ya paini. Mzima wa afya, mnene kidogo. Mistari ya miche ilikuwa imenyooka kwa kamba, na timazi ile ile ilining'inia kwenye nguzo ya kivuli.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, sista." Alinitambua kwa sauti. Alikuwa bado hajanitazama.

Nilimwambia nilichokuja nacho, bila kuzunguka. Hakubisha. Aliingia ndani akatoka na karatasi, akakaa kwenye kigoda, akaandikia juu ya goti. Aliandika kwamba mama hakuweza kushusha macho kwa sababu ya ugonjwa wa ubongo. Kwamba kipimo hicho hakikufanyika. Kwamba aliyepiga magoti mbele ya wazee alikuwa ameinama kadiri mwili ulivyomruhusu. Hilo la mwisho sikumwomba. Alikuwa bado yule mtu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Akanipa karatasi. Chini palikuwa patupu.

"Sahihi, mzee. Na jina."

Akafuta udongo vidoleni. "Sista, hapa wamenichagua mzee wa kanisa. Nikiweka jina pale, litasomwa Iringa, litafika Mbeya."

"Lifike."

"Watauliza ni wanawake wangapi."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilikuwa nimembeba mama yangu peke yake kwa muda wote huo. Sasa niliyaona yale madaftari, kurasa kwa kurasa, safu ya chini imejaa alama za vema, nzuri, zimenyooka, kwa mwandiko wangu. Kila moja ina mwanamke wake, na kila mwanamke ana kijiji chake. Nilitaka kumpiga mtu na wa kumpiga tulikuwa wawili.

Nikachukua kalamu mkononi mwake. Nikaandika jina langu kwa ukamilifu, na chini yake nikaandika: muuguzi aliyeweka alama ya vema. Najua baba mdogo atasema huyu ni mtoto anamtetea mama yake. Nitaisoma hivyo hivyo.

Nikakunja karatasi nikamwambia naondoka. Hakuinua kichwa. Tulikuwa wawili tu pale kitaluni, hakuna mkwe, hakuna mgeni. Nikamuuliza miche imefikia wapi. Akasema inakwenda vizuri. Nikamuuliza habari za mvua, akanijibu. Nikamuuliza kama nyani wanasumbua, akasema huku hakuna nyani ila ngedere, wanang'oa miche wakicheza tu.

Nilingoja kichwa kiinuke. Kisha nikafumba jicho moja, nikalinganisha uso wake na uzi wa timazi uliokuwa nyuma yake. Digrii ishirini na tano. Haukuwa ugonjwa.